Kabla Hujanunua Kasha, Uliza Mirathi

Simu ililia Jumatatu alfajiri, msala sijaukunja bado. Binti wa dada yangu amejifungua pacha huko Likoni, wa kike na wa kiume, na mamake analia kwa furaha hata sikusikia yupi katangulia. Nikavuka feri, nikapakata, nikanyweshwa uji wa pilipili manga usiokuwa wangu, nikarudi. Mpaka nafika kibandani ilikuwa saa nne na nusu, na kijana mmoja amekaa mlangoni juu ya kasha, jasho limemlowesha.

Nina vibanda viwili vya vitu vya kale. Kimoja kipo Ndia Kuu, Mji wa Kale hapa Mombasa, chumba cha mbele cha nyumba ya watu. Cha pili nakiita kibanda kwa kujifariji tu, maana ni meza mbili na kitambaa, kila Jumamosi, upande wa Nyali. Watu huniandikia wakitaka kuingia kazi hii, na swali lao la kwanza huwa ni mtaji. Wiki iliyopita imenipa jibu lingine, ndiyo maana naandika.

Kasha la yule kijana lilikuwa zuri. Misumari ya shaba imepangwa maua, pete mbili za kubebea, na ndani kijisanduku kidogo cha pembeni ambamo bibi zetu waliweka dhahabu na udi. Makasha mengi tunayoyaita ya Lamu au ya Zanzibar yaliletwa na majahazi kutoka Bara Hindi, Surat na Bombay, kwa hiyo mtu akikwambia "hili limechongwa na babu yangu", mwamkue kwa heshima na uendelee kukagua. Nililipindua. Chini hapakuwa na vumbi laini la mbao, dalili ya dumuzi aliye hai. Bawaba moja ilikuwa na skrubu za nyota. Skrubu za nyota zilianza kuuzwa miaka ya 1930, basi bawaba hiyo ilibadilishwa, nalo si kosa, ni matengenezo. Kosa ni ukikuta zote za nyota na mwenyewe anakuapia ni la karne mbili.

Nikamuuliza la nani. La nyanya, Mungu amrehemu. Nikamuuliza: mirathi imegawiwa? Akatazama viatu vyake.

Mwaka wangu wa pili katika kazi hii nilinunua seti ya vikombe vya kaure kwa kijana kama huyu, mpole vile vile. Ijumaa yake, baada ya sala, walikuja shangazi zake watatu, buibui nyeusi tupu mlangoni pangu, hawakupiga kelele hata kidogo. Mmoja alikiinua kikombe akakigeuza, akasema tu, "Hiki ndicho alichonywea dawa mama mpaka mwisho." Nilivirudisha vyote. Pesa zangu kijana alikuwa ameshazila.

Kwetu mali ya marehemu ina mpango wake: mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi, ndipo mafungu ya warithi. Kabla ya hapo kijiko cha nyumba hiyo si cha mtu mmoja, na wakigombana kesi huenda kwa Kadhi. Kwa hiyo leo sinunui kitu cha marehemu mpaka nizungumze na mtu mzima wa nyumba kwa simu, sauti ikiwa wazi, na wawili watie saini kwenye daftari langu pamoja na nambari za vitambulisho. Wauzaji wenzangu hunicheka, nami nawaacha wacheke. Kijana alimpigia mamake, mamake akasema kwa sauti ya mtu aliyeamshwa, "Kasha? Kasha gani?" Nikamsaidia kulipakia kwenye mkokoteni.

Ilikuwa hasara, sitadanganya. Tena nilikuwa na mgeni wa meli aliyekuwa akitafuta kasha, ingawa naye ningelazimika kumwelekeza kwanza Ngomeni, yaani Fort Jesus, kwa watu wa makavazi. Kwa sheria ya makavazi na turathi ya 2006, kitu cha kubebeka kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895 ni cha kale kisheria, na hakitoki nchini bila kibali. Mwambie mteja mapema, kabla hajalipa. Akikuchukia, akuchukie hapa kuliko kukuchukia uwanja wa ndege.

Jumanne akaingia mama mdogo kutoka Lamu, na kapu la maembe na halua, kuja kuona pacha na kukaa mpaka Jumapili, kwa sababu Jumapili wageni wa posa ya binti yangu walikuwa wanakuja kutoka Nairobi. Nikamwacha kibandani saa moja niende Marikiti. Mama mdogo hajui kukaa bure. Niliporudi birika la shaba lilikuwa linametameta kama la dukani, na bakuli langu la sarafu limejaa maji ya ukwaju.

Usisugue. Nimeshaandika hivi mara ngapi? Ukwaju, ndimu na chumvi, majivu, vyote ni vya masufuria ya nyumbani. Mnunuzi wa vitu vya kale analipia ile rangi ya uzee, na ukiitoa leo haitarudi maisha yako wala ya wanao. Nilikuwa na pesa moja ya shaba ya Mombasa ya 1888, ya ile kampuni ya Waingereza iliyokuwa ikitawala hapa kabla ya serikali yao kuja yenyewe, na kuna mwalimu mstaafu aliyekuwa ameiwekea ahadi. Alipoiona inang'aa aliirudisha mezani taratibu, kama mtu anayerudisha mtoto wa mwenyewe.

"Lakini imetakata," alisema mama mdogo. Ningejibu nini? Nilimtilia chai.

Na kwa kuwa nimefika kwenye sarafu, mbili zitakazokuletea wateja wenye macho makubwa kila wiki. Ya kwanza ni reale ya Maria Theresa. Imeandikwa 1780, na kila mtu anaileta akiamini ni ya 1780, kumbe ilipigwa upya na upya kwa mwaka ule ule, miaka mingi baada ya yeye kufa, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Sham na huku kwetu hawakuamini nyingine. Ipime: gramu 28, fedha zaidi ya asilimia 83, na bei yake mara nyingi ni ya fedha hiyo na kidogo juu. Ya pili ni senti ya tundu ya 1936 yenye jina la Edward VIII. Watu wamesikia mfalme huyo hakumaliza hata mwaka, akajiuzulu Desemba, basi wanadhani wameshika nyumba ya ghorofa. Zilitengenezwa kwa wingi sana. Mimi nazo huziweka kwenye sahani ya watoto.

Jumatano ndipo mdogo wangu wa kiume alipokuja, akaketi kwenye kiti cha wateja, akauliza habari za pacha, akauliza habari za biashara. Ndugu yako akikuuliza habari za biashara, jua. Kumbe alijitolea mbele ya watu kugharamia biriani ya Jumapili, na mfuko umekauka. Akakumbuka saa ya babu.

Saa hiyo ya ukutani, ya mbao yenye pendulamu, ipo kwa mama tangu babu mzaa mama alipofariki miaka ya tisini. Mteja wangu mmoja alishawahi kuiona na kutaja bei ambayo sitaiandika hapa kwa sababu mama anasomewa makala zangu. Nami nilishawishika. Usiku ule nilipiga hesabu: kodi ya kibanda, biriani, salio. Nilikuwa hata nimeshachagua maneno ya kumwambia mama, ndipo nikakumbuka swali nililomuuliza kijana wa kasha siku mbili nyuma. Saa ya babu haikugawiwa kamwe. Ilibaki pale ilipokuwa inaning'inia, na sisi tukaizoea.

Warithi waliobaki ni mama, mama mdogo, na mjomba aliye Muscat. Alhamisi tulimpigia kwa video. Hakusema kitu kuhusu bei. Alisema, "Nigeuzieni simu niione," kisha, "Inakwenda?" Mama mdogo akasema inakwenda lakini hataki iuzwe, na kama itauzwa basi yeye atainunua kwa embe alizoleta. Mjomba akacheka mpaka akakohoa, akatuma pesa ya mchele na nyama. Ushauri wangu kwa aliye kwenye biashara hii: kitu cha ukoo wako usikithamini mwenyewe, mwite muuzaji mwenzako wa kibanda cha jirani akitaje bei mbele ya wote. Ukitaja wewe, ukiwa chini umewapunja, ukiwa juu una mnunuzi umemficha.

Ijumaa sikufungua. Jumamosi Nyali ikanilipia wiki nzima, na kama kawaida haikulipa kwa vitu vikubwa. Ziliuzwa pasi mbili za makaa, kandili, vitasa vya shaba, mirashi midogo, na leso tatu za zamani ambazo mama mmoja alizisoma majina yake kwa sauti moja moja kabla ya kuchagua. Robo tatu ya kodi yangu hutoka kwa vitu vya chini ya shilingi elfu moja. Kitu kikubwa kama kiti cha enzi kitakaa miaka miwili kikivuta watu tu, nacho kivute, hiyo ndiyo kazi yake. Bwana mmoja alikuja na bangili za pembe za ndovu ndani ya leso, "za bibi". Sikuzigusa. Ziwe za bibi, ziwe za nani, pembe na gamba la kasa ng'amba havipandi mezani pangu.

Jumapili wageni walifika mapema kwa sababu ya treni, wakakaribishwa, wakala. Biriani ilikuwa ya mjomba ila sifa akachukua mdogo wangu. Maneno ya posa yalipokuwa yanakaribia, adhana ikisubiriwa, saa ya babu ikaanza kugonga. Ikagonga kumi na mbili. Mzee wa Nairobi akaitazama simu yake, akaitazama saa, akaniinamia kwa upole kuniambia kwamba imeharibika, imepotea kwa masaa sita, na kwamba anamjua fundi.

Mama, ambaye masikio yake yako vizuri kuliko macho, akamjibu kutoka upande wa pili wa chumba: "Magharibi yenu nyie huingia saa ngapi?"