Bia ya mashindano anza kuihesabu kutoka mwisho

Kila msimu wa mashindano unapokaribia napata ujumbe wa aina moja kutoka kwa ndugu zetu wanaopika bia nyumbani huku Minnesota: "Nina bia kali sana ndani, kila aliyeonja kaisifu. Niipeleke kundi gani?" Nami huuliza kwanza: hiyo bia itakuwa na umri gani siku majaji wanapofungua chupa?

Wengi hupika wanachopenda, wakabaki nacho, ndipo wakatafuta pa kukipeleka. Mimi huchukua kalenda, naweka alama siku ya kuonja, kisha narudi nyuma. Bia nzito kama barley wine au imperial stout inataka miezi sita hadi mwaka ili ule ukali wa kilevi utulie, kwa hiyo ya mashindano ya Februari unaipika majira ya kuchipua ya mwaka uliotangulia. Lager, bia inayochachuka kwenye baridi, ipe wiki nane hadi kumi, na hapo baridi yetu inasaidia: besimenti ya Januari inakaa yenyewe kwenye nyuzi 10 hadi 13 za Selsiasi, huhitaji friji ya pili. IPA, ale chungu yenye hopsi nyingi, ni kinyume kabisa. Harufu ya hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, inakimbia haraka, kwa hiyo iwe na wiki nne au tano tu tangu siku ya kupika. Hefeweizen, bia ya ngano ya Kijerumani, nayo ni ya kunywewa changa.

Kama mashindano yako ni moja na muda umebaki mwezi, jibu limeshapatikana. Pika hefeweizen. Uzuri wake ni kwamba ile harufu ya ndizi mbivu, ambayo kwenye lager ingekukatia pointi, humu ndiyo inayotafutwa. Inatoka kwenye hamira yenyewe, hakuna ndizi iliyotiwa. Chachusha kwenye nyuzi 17 hadi 20 na usiifanyie mbwembwe.

Sasa kundi, yaani mtindo wa bia unaoshindania. Mashindano mengi Marekani hutumia mwongozo wa mitindo wa BJCP, chama kinachofunza na kuthibitisha majaji wa bia, toleo la 2021. Usome mtandaoni, ni bure, na uusome ukiwa na glasi mkononi. Jaji haulizwi kama bia yako ni tamu. Anaulizwa inafanana kiasi gani na maelezo ya kundi uliloandika kwenye fomu. Rafiki yangu mmoja alipika pale ale, ambayo hutakiwa iwe ya rangi nyepesi, ikatoka nyeusi kidogo na yenye ladha ya karameli. Akang'ang'ania kuiita pale ale kwa sababu ndivyo alivyokusudia, ikapata pointi za huruma. Bia ileile, chupa za pipa lilelile, akaiandikisha mashindano mengine kama amber ale, ya rangi ya kaharabu, na akarudi na medali. Kusudi lako halimo kwenye glasi.

Angalia pia pointi zenyewe zilivyogawanywa, maana zinakuonyesha pa kutolea jasho. Jumla ni 50: ladha 20, harufu 12, picha ya jumla 10, jinsi bia inavyokaa mdomoni 5, mwonekano 3. Mtu anayekesha akihangaika bia iwe ang'avu anapigania pointi tatu. Harufu ya mahindi ya kuchemsha, kwa mfano, inakula kwenye harufu na kwenye ladha pia, na dawa yake ni kuchemsha kwa nguvu bila kufunika sufuria. Harufu ya siagi kwenye lager huondoka ukiacha bia ipate joto kidogo siku za mwisho za kuchachuka, kabla hujaipoza. Ile ya boksi lililolowa ni hewa iliyoingia wakati wa kujaza chupa, na hiyo hairudi nyuma.

Kuhusu chupa zenyewe, soma masharti ya mashindano husika. Kwa kawaida wanataka mbili au tatu, za kahawia, bila lebo, na kizibo kisicho na maandishi. Chupa za kijani waachie wengine, mwanga unaharibu bia ndani yake. Pipa dogo la lita 19 linatoa karibu chupa 50, kwa hiyo una nafasi ya kuchagua zilizojaa sawa. Hilo ni muhimu kuliko linavyosikika, kwa sababu ukishinda kundi lako, chupa nyingine inafunguliwa kwenye meza ya mwisho ya kumtafuta mshindi wa jumla, mbele ya majaji tofauti. Ikiwa haina gesi kama mwenzake, umekwisha.

Usizitume kwa posta. Posta ya Marekani hairuhusu pombe, na kampuni binafsi za mizigo zina masharti yake. Maduka ya vifaa vya kupikia bia mara nyingi ni vituo vya kupokea, zipeleke mwenyewe. Na usichanganye tarehe mbili: mwisho wa kujiandikisha hutangulia mwisho wa kupeleka chupa, tena mashindano yenye jina hujaa mapema.

Wachagga wenzangu huniuliza kuhusu mbege. Mbege yenyewe, ile ya ndizi, ulezi uliooteshwa na msesewe (gome la mti la kutia uchungu), haifai kufungwa kwenye chupa. Bado inachachuka, siku chache inageuka siki, na chupa inaweza kupasuka kwenye kreti za watu. Unachoweza kufanya ni bia ya kimea cha shayiri iliyotiwa ulezi na ndizi, ikachachuka mpaka mwisho, ukaipeleka kundi la 29C, bia za matunda zenye viungo vya ziada. Ulezi unapatikana kwenye maduka ya Kihindi kwa jina la ragi. Msesewe sahau, hopsi kidogo zinatosha kwa uchungu. Kwenye fomu usiandike tu kwamba ni pombe ya jadi ya Kilimanjaro, jaji hatajua atafute nini. Mwambie kuna ndizi zilizopikwa, ulezi, uchachu mwepesi, ukungu kwenye glasi ni wa makusudi. Mistari miwili. Ukiahidi ndizi, ndizi isikike.

Mwisho, chupa zinapoondoka, bakiza mbili za pipa lilelile kwenye friji. Siku fomu za majaji zinaporudi, fungua moja na usome huku unaonja, mstari kwa mstari. Majaji wawili wakisema siagi nawe huisikii, mpelekee ya pili mtu mwenye pua kuliko wewe kabla hujaanza kubishana nao.