Alama za SAT: zipi utume chuoni, zipi ubaki nazo

Kila ikifika Septemba simu yangu inajaa skrinishoti za alama za SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani wenye alama ya juu 1600, wadogo zangu waliomaliza form six wanauliza swali lilelile, kaka nimepata 1350, nitume au niache? Na mi kabla sijajibu lazima niulize, kwa chuo gani, alafu umesoma shule gani. Hilo la pili ndo watu wengi wanaliruka kabisa.

La chuo ni rahisi, tulimalize haraka. Kuna vyuo vinalazimisha utume alama, MIT walirudisha sharti hilo 2022, Dartmouth, Yale, Brown, Harvard na Caltech wakatangaza kurudisha 2024, ingawa Yale wanakubali AP au IB, mitihani mingine ya sekondari, badala ya SAT, na Dartmouth kwa waliosoma nje ya Marekani wanapokea hata A-Level au mtihani wa taifa unaolingana nayo. Kuna vya hiari, yani kutuma ni uamuzi wako, kama Bowdoin ambao wako hivo tangu 1969. Kuna University of California, yani Berkeley, UCLA na wenzao, hao kwenye kuamua nani aingie hawaziangalii alama kabisa, kwa hiyo usipoteze hela yako kuwatumia. Na sera zinabadilika kila msimu, soma tovuti ya chuo chenyewe mwaka huohuo unaoomba, usimsikilize binamu yako aliyeomba miaka mitatu iliyopita.

Sasa kwa vile vya hiari ndo kuna kazi. Ushauri utakaokutana nao mtandaoni ni huu, tafuta karatasi ya chuo inaitwa Common Data Set, nenda sehemu ya C9, utakuta namba mbili, tuseme 1440 na 1540, maana yake kati ya walioanza chuo wakiwa wametuma alama robo walikuwa chini ya 1440 na robo juu ya 1540, basi ukiwa chini ya ile namba ndogo usitume. Karatasi ifungue kweli, ni bure na inasaidia. Ila kumbuka tangu mtihani uwe hiari kwenye vyuo vingi 2020 wenye alama ndogo wengi hawatumi, kwa hiyo hizo namba zimepanda kuliko hali halisi ya darasa, na huo ushauri umeandikwa kwa mtoto ambaye shule yao ina mwalimu maalum wa kuwaingiza watu vyuoni na nyumbani wanamlipia tyusheni ya SAT miezi sita.

Wewe umesoma shule ya kata, umejisomea Khan Academy, tovuti ya masomo ya bure, kwenye simu kwa bando la usiku, 1350 yako sio 1350 yake. Na hili sio la kukufariji tu. Watafiti wa Dartmouth walipochambua maombi yao wenyewe, matokeo yakatoka 2024, walikuta wanafunzi wa familia zisizo na uwezo walikuwa wanaficha alama ambazo zingewasaidia kuingia, kwa sababu walijilinganisha na wastani wa chuo wakati maofisa udahili wanalinganisha na mazingira ya shule aliyotoka mwombaji. Iliniuma sana kusoma, maana ndo nilichokuwa nakiona kwa vijana wetu kila mwaka.

Kuna mdogo wetu mmoja wa PCM, shule ya serikali huko Singida, hesabu 740, kusoma na kuandika 610. Kila mtu kwenye grupu akamwambia ficha. Mi nikamwambia tuma, anaomba injinia na 740 inaongea, lakini kwanza nenda kwa mwalimu wa taaluma, mwombe kwenye ile ripoti ya shule ya Common App, fomu moja ya mtandaoni ya kuombea vyuo vingi, aandike wazi darasa lina wanafunzi wangapi, maabara ikoje, na wangapi kabla yake wamewahi kufanya SAT. Mwalimu akaandika vizuri mno. Kijana alipata chuo na msaada wa ada. Usipoomba maelezo hayo ofisa wa huko ataijuaje shule yako? Alama itabaki inaning'inia peke yake.

Lini uache? Kama sehemu zote mbili ziko chini kabisa ya namba ya chini na mkononi una Division One ya pointi 3 au 4, acha NECTA iongee, hiyo SAT itakuja kuleta maswali ambayo hayakuwepo.

Ukiwa umefanya zaidi ya mara moja, kuna Score Choice, unachagua tarehe ipi ya kutuma, ila tarehe inaenda nzima, huwezi kutuma hesabu ukaacha kusoma na kuandika. Vyuo vingi vinachukua sehemu iliyo juu kutoka kila tarehe na kujumlisha, kwa hiyo kama Machi hesabu ilikuwa juu na Oktoba kusoma kukawa juu, tuma zote mbili bila woga. Georgetown wao wanataka alama zote ulizowahi kupata, ukiomba kule jua hilo mapema.

Na hela jamani. Ripoti nne za kutuma alama vyuoni ni bure ukichagua vyuo kabla hazijapita siku tisa baada ya mtihani, lakini hapo alama bado hujaziona. Baada ya hapo kila chuo ni zaidi ya shilingi elfu thelathini za kwetu Tanzania. Vyuo vingi vinakuruhusu ujaze alama mwenyewe kwenye fomu na ripoti rasmi utume ukishakubaliwa, kwa hiyo kabla hujalipa hata senti angalia kama chuo chako kinaruhusu, na kama ukurasa wao hauko wazi waandikie imeili uwaulize.

TOEFL, IELTS na Duolingo, mitihani ya kupima Kiingereza, ni habari nyingine kabisa, pale kuna kiwango cha kuvuka, ukishavuka tuma.