Maswali yenu ya picha: kwanza mwanga, kamera baadaye

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza kitu kimoja: ninunue kamera gani. Nitajibu, ingawa wanaonisoma siku zote wanaujua msimamo wangu. Picha ya mtu inafanywa na mwanga, halafu lenzi, na bodi ya kamera inakuja mwisho. Wengi wenu fedha mnazipanga kinyume chake.

Nina milioni moja na nusu, nataka kuanza kupiga picha za watu. Ninunue nini? (Kijana, Chake Chake)

Ahsante kwa kutaja fedha uliyonayo. Tafuta bodi iliyokwishatumika, ya aina ambayo lenzi na betri zake zinapatikana kwa urahisi huko uliko, na isile zaidi ya nusu ya fedha zako. Lenzi iwe ya milimita 50, f/1.8, yaani yenye tundu linalofunguka sana na kuingiza mwanga mwingi. Kwenye bodi za sensa ndogo (sensa ndiyo inayopokea picha) inaona kama lenzi ya 75 au 80, na hiyo inafaa sana kwa uso: unasimama mita moja na nusu hadi mbili, pua haivimbi, masikio hayapotei. Ile 18-55 inayouzwa pamoja na kamera, ukiiweka kwenye 18 ukamsogelea mtu, unamharibu sura yake.

Kinachobaki nunua flashi moja ya kurekebisha kwa mkono, trigeri ya redio ya kuiwasha kwa mbali, stendi na mwavuli mweupe wa kulainishia mwanga. Mwavuli ndio wenye bei ndogo kuliko vyote hivyo, na ndio utakaozibadilisha picha zako kuliko vyote.

Kabla hujatoa fedha, uliza shata, ile pazia inayofunguka kila unapopiga, imepigwa mara ngapi. Nyingi za bei ya chini zimetengenezwa zihimili kiasi cha mara 100,000. Kisha ivue lenzi, imulike na tochi kutoka nyuma. Ukiona nyuzi nyembamba zimetambaa ndani ya kioo, hiyo ni kuvu. Mrudishie mwenyewe.

Kamera gani nzuri? (Wengi)

Nzuri kwa kupigia nini, na kwa fedha ngapi? Barua isiyosema hayo sitaijibu tena.

Nikimpiga mtu aliyevaa kanzu, uso unatoka kiza. Nikimpiga mke wangu na buibui, uso unapauka. Kamera yangu mbovu? (Mwalimu wa skuli, Wete)

Kamera yako nzima, mwalimu. Kipimo cha mwanga kilichomo ndani yake hakijui kinachokitazama. Kinachukulia kwamba kila kilicho mbele yake ni cha rangi ya kati, kijivu. Kanzu nyeupe ikijaa kwenye fremu, kamera inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, na uso unazama. Buibui likijaa inaongeza, na uso unaungua. Weka kila kitu kwa mkono, piga moja ya kujaribia, kisha ikuze kwenye kioo cha nyuma. Darizi ya shingoni mwa kanzu iwe bado inaonekana uzi kwa uzi. Ikishapotea imepotea, lakini uso uliopungukiwa kidogo unaweza kuuinua baadaye, almuradi umepiga kwa faili la RAW, yaani picha ghafi kama sensa ilivyoipokea, na si JPEG iliyokwishabanwa.

Na ikiwa uso bado kiza ilhali kanzu imeshafika mwisho wake, tatizo ni pale ulipomsimamisha mtu. Mtoe kwenye jua la utosini, mweke kivulini, na mbele yake pawe na kitu cheupe cha kumrudishia mwanga: ukuta wa chokaa, shuka, hata karatasi mbili za manila zilizounganishwa.

Sasa jambo ambalo mwalimu hakuliuliza. Filamu za rangi za Kodak kwa miaka mingi zilirekebishwa maabara kwa kutumia kadi zenye picha ya mwanamke mweupe, zikiitwa kadi za Shirley. Watu weusi walitoka meno na macho tu. Filamu hizo zimeondoka, na sensa za leo zinaiona ngozi nyeusi vizuri kabisa. Tunaoiharibu ni sisi, kwa programu za kurembesha. Nimeona picha za harusi ambazo bi harusi amepaushwa mpaka hina mikononi mwake imefutika, hina iliyochorwa usiku kucha. Mpiga picha akachukua fedha kwa kazi ile! Ngozi nyeusi inachongwa na mng'ao. Weka chanzo kikubwa cha mwanga ubavuni mwa mtu, mng'ao utembee kwenye shavu na paji la uso, na hutahitaji programu yoyote. Mteja akikuomba umpaushe, mwambie hufanyi hivyo.

Taa ya duara inatosha kwa studio ndogo? (Michenzani)

Kwa kuuza mitandio mtandaoni, inatosha. Kwa picha ya sura, hapana: inaupiga uso kwa mbele, inaulaza bapa, na kuacha duara jeupe ndani ya mboni. Kama unayo tayari, iweke ubavuni na uifunike kwa shuka jeupe. Kwa taa yoyote ya LED, tazama CRI iliyoandikwa kwenye boksi, yaani kipimo cha jinsi taa inavyozionyesha rangi kwa usahihi. Chini ya 90 usinunue, ngozi itatoka na ukijani. Na usichanganye taa ya njano ya ukumbini na mwanga wa dirishani kwenye uso mmoja. Zima moja.

Nimesoma kwamba dirisha la kaskazini ndilo bora kwa picha. Nyumba yetu Mji Mkongwe ina madirisha ya kusini tu. (Bibie, Shangani)

Uliyoyasoma yameandikwa kwa ajili ya Ulaya, ambako jua la mchana liko kusini mwaka mzima, na dirisha la kaskazini halipati jua la moja kwa moja. Sisi tuko nyuzi 6 kusini ya ikweta. Kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, jua la mchana linapita upande wa kaskazini, na miezi hiyo dirisha lako la kusini ndilo lenye mwanga laini. Miezi iliyobaki jua linahamia kusini, na hapo tundika pazia jeupe jepesi, upige nalo hivyo hivyo.

Msogeze mtu karibu na dirisha. Akiwa mbali, dirisha linakuwa dogo machoni pake na kivuli kinakuwa kikali. Taa ndogo ni hivyo hivyo, na ukiipeleka mbali mara mbili, mwanga unaomfikia mtu unabaki robo. Wewe una bahati nyingine: vichochoro vya Shangani. Ukuta mweupe wa upande wa pili ukipigwa na jua, unageuka kuwa taa kubwa kuliko yoyote unayoweza kununua. Mkalishe mtu kwenye baraza, au hatua moja ndani ya mlango, autazame ukuta huo.

Naelekeza flashi juu darini kama nilivyofundishwa, picha za harusi bado zinatoka kiza. Kwa nini? (Mpiga picha mpya, Fuoni)

Dari gani? Ushauri huo ni wa dari nyeupe iliyo karibu. Nyumba zetu za zamani zina dari ndefu za boriti, na kumbi nyingi za hoteli ni za makuti. Zote zinaumeza mwanga, na kidogo kinachorudi kina rangi ya hudhurungi. Geuza kichwa cha flashi kiutazame ukuta mweupe ulio ubavuni au nyuma yako. Kama hakuna ukuta, ndio mwavuli wako huo. Tazama na poda ya bi harusi: baadhi yake zinarudisha mwanga wa flashi na uso unatoka na unga mweupe. Mpige moja ya kujaribia mapema, mpambaji bado yupo.

Na kwa kuwa unapiga harusi, nisikilize. Picha za bi harusi akiwa kichwa wazi na wenzake ni amana. Ndani kwa wanawake apige mpiga picha mwanamke. Zisikae kwenye kompyuta ya dukani, zisitumwe kwenye kundi la WhatsApp kwa ajili ya kutangaza kazi, na memori kadi asikabidhiwe mtu yeyote asiyekuwa wa nyumba ile. Picha ikishatoka hairudi, na anayeumia ni yeye.

Lenzi yangu inapiga ukungu kila nikitoka nje. (Nungwi)

Unatoka chumba chenye kiyoyozi. Iache kamera ndani ya mkoba uliofungwa, nje, nusu saa, kisha ndiyo uifungue. Ikae kwenye boksi lisilopitisha hewa pamoja na vile vifuko vya silika, hasa wakati wa masika. Ukitoka ufukweni, ifute chumvi siku hiyo hiyo kwa kitambaa chenye unyevu kidogo.

Picha za jioni Paje nifike saa ngapi? (Mtalii wa ndani)

Paje inatazama mashariki, na jioni jua linazama nyuma ya minazi. Nenda alfajiri, saa 12 uwe umeshafika mchangani. Kama ni lazima iwe jioni, nenda Kendwa au Nungwi, saa 11 uwe tayari. Kwetu jua linashuka wima na upesi, halikusubiri uchague lenzi.