Jibu kwa aliyeuliza: udongo na kitambaa, mawazo mnayatoa wapi?

Mdogo wangu, umeuliza mambo matatu kwa mpigo: anayefanya sanaa ya udongo na kitambaa kwa pamoja anapata wapi mawazo, anaunganishaje vitu viwili "visivyopatana", na kama kazi hii inamlisha mtu. Mimi ni mama wa Kyela, nilianzia kwenye cherehani ndipo nikaingia kwenye udongo, na sasa naishi kwa vyote viwili. Nitajibu ninavyojua, wadau wengine wataongezea.

Hilo la kutopatana nalikataa. Mwanamke anayekwenda kisimani huchukua kipande cha kanga, akakisokota, akakizungusha kikawa kata, akakiweka kichwani na mtungi juu yake. Nguo ndiyo inayoubeba udongo. Mfinyanzi naye akiacha chungu kibichi usiku hukifunika kwa kitambaa chenye unyevu, mdomo usije ukakauka kabla ya tumbo. Kazi zangu nyingi zimetokea hapo hapo, kwenye kata. Huwa najiuliza nguo inashika nini, udongo unaelemea wapi, na mtu akiondoa kimoja nini kinaanguka. Nikikaa na daftari kusubiri wazo, naondoka na daftari jeupe. Wazo huja mikono ikiwa na kazi.

Ukipata nauli, nenda Matema, Ziwa Nyasa. Akina mama wa Kikisi wa kijiji cha Ikombe hufinyanga bila gurudumu, na vyungu vyao huja kwa mitumbwi hadi soko la Jumamosi pale Lyulilo. Usiende kupiga picha tu. Nunua chungu kwanza, kaa, shika udongo ukiruhusiwa, na uwasikilize wanavyoukosoa.

Wasanii wakubwa ninaowarudia ni wawili. Magdalene Odundo alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akaenda Uingereza kusoma, kisha akapitia kituo cha ufinyanzi cha Abuja, Nigeria. Hapaki rangi ya kioo, ile inayoyeyuka motoni ikang'aa, kwenye vyombo vyake. Anavisugua hadi ving'ae. Moto wenye hewa ya kutosha hukiacha chombo kikiwa chekundu, na kikichomwa tena kwenye moshi, hewa ikiwa imebanwa, hugeuka cheusi. Kwake nilijifunza kuacha kupamba. Wa pili ni El Anatsui wa Ghana, mtoto wa mfumaji wa kente, kile kitambaa cha asili cha Ghana. Miaka ya 1970 alitengeneza vyungu vilivyovunjika, na baadaye ndipo akaja na yale mapazia makubwa ya vizibo vya chupa vilivyofungwa kwa waya wa shaba, yanayokunjika na kuning'inia kama nguo. Watu wanayajua mapazia, vyungu wamevisahau. Mimi naona ni safari moja: vipande vilivyovunjika vimetafuta uzi wa kuvishika.

Sasa ufundi, maana humu watu hupenda kuuruka. Kushona kitambaa kwenye udongo kunategemea tundu. Litoboe udongo ukiwa umekauka nusu: ukibonyeza kwa kidole haubonyei, lakini kucha inaingia. Mapema zaidi tundu linajifunga, ukichelewa ukingo unamong'onyoka. Natumia njiti ya mwavuli. Lifanye pana kuliko sindano yako, kwa sababu udongo hunywea ukikauka na hunywea tena motoni. Kisha pitisha kidole chenye maji kila upande ulainishe makali. Usipofanya hivyo tundu litakata uzi kidogo kidogo, na mteja atakupigia simu mwakani. Chungu kikishachomwa, pitisha msasa uliokunjwa. Uzi wangu ni katani au pamba iliyopakwa nta. Nailoni ina nguvu, sikatai, lakini inang'aa vibaya pembeni ya udongo.

Njia ya pili ni kuchovya kitambaa kwenye uji mzito wa udongo, kukikunja unavyotaka, kukikausha taratibu na kukichoma. Nguo inaungua yote, inabaki ganda la udongo lenye alama za kila uzi. Hapo tumia pamba tupu. Ijaribu kwa kiberiti: pamba huacha jivu laini, poliesta huyeyuka ikawa kidonge kigumu na moshi wake haufai kuvutwa. Ganda hilo ni jembamba, na moto wa nyasi hupanda haraka mno kwa kitu cha namna hiyo, kwa hiyo langu nalichoma kwenye tanuri dogo polepole. Joto likifika nyuzijoto 573 hivi za Selsiasi ndipo chembe za mchanga ndani ya udongo hutanuka ghafla. Kuwa na subira hapo, wakati wa kupanda na wa kushuka.

Kuhusu kanga: ina pindo la ukingoni, ina mji wa katikati, ina jina, yaani maneno yake, na jina si pambo. Watu watalisoma. Niliwahi kushonea kwenye shingo ya mtungi kipande kilichobaki na maneno "Sisi sote abiria" tu, na kila aliyepita alimalizia "dereva ni Mungu", wengine kwa sauti. Kanga nzima ingesomwa ikaachwa. Lakini ukikata jina la mafumbo ya mke mwenza ukaliuza kwa mgeni asiyejua Kiswahili, jua atalitundika sebuleni na siku moja shangazi yako ataliona.

Je, inalisha? Kodi ya nyumba yangu inalipwa na vyetezo vya udi na vyungu vya maua. Kazi kubwa za kushonwa huuzwa kwa nadra, ila zikiuzwa zinanunua udongo, kuni na muda. Ukipanga bei hesabu saa za kushona, kwa sababu mnunuzi anaona chungu na anakupa bei ya chungu. Mwambie pia asiitundike kazi dirishani, jua hula rangi ya kanga, udongo ukabaki ulivyo na nguo ikapauka.

Tanuri la umeme usikimbilie kulinunua. Anza na matundu kwenye vigae vidogo, jifunze udongo wa hapo ulipo unanywea kiasi gani, halafu uje utuambie uko mkoa gani tukuelekeze kwa wafinyanzi wa karibu.