Alama za taimingi zinatosha?
SWALI: Fundi, shikamoo. Ninafufua injini ya gari la MGB 1800. Alama za giya za taimingi zimekutana. Nifunge?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Subiri kwanza, pima. Kemshafti (shafti inayozungushwa na giya hizo na kufungua valvu) asilia ya gari hilo hufungua valvu ya kuingizia nyuzi 16 za mzunguko wa kranki kabla pistoni haijafika juu, na kuifunga 56 baada ya chini. Jumlisha hizo na 180, safari ya pistoni kutoka juu hadi chini: 252. Nusu yake 126, toa 16. Kilele, yaani valvu ikiwa wazi kabisa, ni 110 baada ya juu. Usipime kileleni penyewe, valvu pale karibu haisogei! Soma nyuzi pande zote mbili za kilele, geji ya mwinuko wa valvu ikionyesha kimo kilekile. Injini yangu ilisoma 78 na 150. Wastani 114: imechelewa nyuzi 4. Niliiwahisha kwa kii yenye kidato (kipande cha chuma kinachoshika giya kwenye shafti, chenye hatua ya kuisogeza kidogo), nikazungusha injini kwa mkono mara mbili kabla ya stata.