Beri za Majira ya Joto na Chenga za Siagi: Kitindamlo Rahisi cha Kuoka

Watu wengi wanapopata beri mbivu kwa wingi hukimbilia kuoka keki, nami huwashauri wasianzie huko. Keki inataka vipimo visivyoyumba, na beri zikishaachia maji ndani yake, sehemu ya katikati hubaki mbichi huku kingo zikiwa zimekauka. Kitindamlo ninachokipendekeza, ambacho ndicho ninachokioka mara nyingi zaidi beri zinapokuwa katika msimu wake, huwekwa matunda chini na chenga za unga, sukari na siagi juu, kisha kikaingizwa ndani ya oveni. Hakihitaji mayai, hakihitaji mashine ya kupigia, na mtu ambaye hajawahi kuoka chochote anaweza kukifanikisha siku ya kwanza, ilmradi aelewe jambo moja, nalo ni namna ya kuyatawala maji ya beri.

Takriban asilimia 91 ya uzito wa stroberi ni maji. Bluuberi zina maji pungufu kidogo na ngozi inayoyazuia kutoka kwa haraka, ndiyo maana hustahimili moto vizuri zaidi. Stroberi zikiokwa peke yake hulegea mno na kupauka, kwa hiyo mimi huzitumia kama sehemu ndogo tu ya mchanganyiko: nusu huwa bluuberi, robo rasiberi au blakiberi kwa ajili ya ule uchachu, na robo iliyobaki ndiyo stroberi zilizokatwa vipande vikubwa. Huo ni uchaguzi wangu na si sheria, ila anayetaka stroberi tupu ajue kwamba atapata kitu chenye majimaji zaidi.

Kuosha nako kuna utaratibu wake. Beri zisilowekwe, wala zisioshwe tangu jana yake, kwa sababu unyevu huzifanya ziote ukungu upesi. Zisuuze harakaharaka muda mfupi kabla ya kuzitumia, kisha zitandaze juu ya kitambaa safi zikauke. Rasiberi zina uwazi katikati unaohifadhi maji, kwa hiyo zinahitaji uangalifu zaidi kuliko nyingine. Na stroberi zioshwe kabla ya kuondolewa vikonyo, la sivyo maji hupenya kupitia pale ulipokata.

Kwa chombo cha mraba chenye sentimita 20 kila upande, chukua gramu 750 za beri, gramu 80 za sukari, vijiko viwili vikubwa vya wanga wa mahindi, yaani ule unga mweupe laini unaotumika kuufanya mchuzi uwe mzito, kijiko kimoja kikubwa cha maji ya limau na chumvi kidogo sana. Onja beri kabla ya kupima sukari, maana zikiwa tamu zenyewe gramu 50 zinatosha. Limau lisiachwe: huamsha ladha ya matunda na huifanya rangi yake nyekundu ing'ae. Chombo kiwe cha kioo au cha kauri, kwa kuwa asidi ya matunda hushambulia alumini tupu na kuacha ladha ya chuma. Jambo linalosahauliwa na wengi ni muda wa kuchanganya, kwani sukari huvuta maji kutoka kwenye beri mara tu inapozigusa, na ukiuacha mchanganyiko ukae wakati unashughulikia mambo mengine utakuta dimbwi chini ya bakuli. Tengeneza chenga kwanza, ndipo uchanganye matunda.

Chenga zinahitaji gramu 150 za unga wa ngano, gramu 75 za sukari, ikiwezekana ile ya kahawia, robo ya kijiko cha chai cha chumvi, na gramu 100 za siagi iliyotoka kwenye friji. Kata siagi vipande vidogo, itie katika unga, kisha ifikiche kwa ncha za vidole na si kwa viganja, ambavyo vina joto na huiyeyusha. Acha kufikicha mchanganyiko unapokuwa na vipande visivyolingana, vingine vidogo kama mchanga na vingine vikubwa kama njegere. Kulingana kwake si sifa, kwa kuwa vile vikubwa ndivyo vinavyotoa ule ukavu wa kutafunika. Anayependa oti anaweza kuziweka badala ya theluthi moja ya unga. Wapo wanaoongeza bekingi soda, nami sioni sababu, hasa kwa kuwa inapokutana na maji ya bluuberi huyageuza rangi yakawa na ukijani usiovutia. Weka bakuli la chenga kwenye friji kwa dakika 20 huku oveni ikipata moto wa nyuzi 190 za Selsiasi.

Mimina matunda kwenye chombo, nyunyiza chenga juu bila kuzishindilia, na uache nafasi ya kama sentimita mbili kutoka ukingoni, kwa sababu yatachemka na kupanda. Trei iliyowekwa chini ya chombo itakuepusha na kazi ya kusugua oveni. Oka kwa dakika 40 hadi 45, lakini usiiamini saa peke yake wala rangi ya juu peke yake. Tazama maji ya matunda: ni lazima yatokote mpaka katikati, yakiwa mazito na ya kung'aa, kwani wanga haushiki mpaka ukaribie joto la kuchemka. Kama juu pamekwisha kuiva na katikati bado hapatokoti, funika kwa karatasi ya foili bila kuibana, na uendelee kuoka.

Kisha subiri walau nusu saa. Maji hayo huendelea kuwa mazito kadiri yanavyopoa, na anayepakua upesi hupata mchuzi mwembamba na ulimi uliobabuka. Mtindi mzito usio na sukari hufaa zaidi kuliko aiskrimu, kwa maoni yangu, kwa kuwa huukata utamu badala ya kuuongeza.

Kilichobaki hukaa kwenye friji siku tatu, na kipashwe moto kwenye oveni, kwa sababu maikrowevu hulainisha chenga. Beri zilizogandishwa nazo zinafaa: zitumie bila kuziyeyusha, ongeza nusu kijiko cha wanga na dakika 10 hivi za kuoka. Hata chenga zenyewe hugandishwa vizuri ndani ya mfuko, kwa hiyo mimi hufikicha kiasi maradufu, na siku beri zinapopatikana ghafla huzinyunyizia moja kwa moja kutoka kwenye friza.