Umpeleke bweni la kulipia au umbakize shule ya kijiji? Jibu kwa mkulima wa Urambo

Mleta mada, swali lako nimelielewa hivi: unalima tumbaku Urambo, una watoto watatu, na unataka kumhamisha wa darasa la nne kwenda bweni la mchepuo wa Kiingereza Tabora mjini. Wachangiaji wamegawanyika. Wengine wanasema shule ndiyo kila kitu, wengine wanasema mtoto wa maskini hatoboi hata umpeleke wapi kwa sababu nyumbani ndiko kunakoamua. Nitajibu kwa urefu, maana watu wanauza mashamba kwa ushauri wa mistari miwili.

Hii ya kwamba nyumbani ndiko kunakoamua ilipata nguvu Marekani mwaka 1966, ripoti ya James Coleman ilipoonyesha kuwa hali ya familia inaeleza zaidi tofauti za ufaulu kuliko vifaa vya shule. Lakini mwaka 1983 watafiti Heyneman na Loxley walilinganisha nchi 29 wakaona kwamba nchi ikiwa maskini, uzito wa shule na mwalimu unapanda. Sababu haijajificha. Pale ambapo karibu kila shule ina mwalimu na vitabu, kinachobaki kuwatofautisha watoto ni nyumbani. Kwetu unaweza kukuta sekondari moja ina walimu wawili wa hisabati na ya kata jirani haina hata mmoja. Kwa hiyo usikubali kuambiwa mwanao ameshahukumiwa kwa kuzaliwa kwenu.

Ila usikimbilie jina la shule pia. Chukua Tabora Boys. Enzi za mkoloni ililenga watoto wa machifu, na Nyerere aliyeingia pale mwaka 1937 alikuwa mtoto wa Burito, chifu wa Wazanaki. Kichwa alikuwa nacho, hilo halina ubishi, lakini mlango ule haukuwa wazi kwa kila mtoto mwenye kichwa. Leo ni shule ya vipaji maalumu, inapokea waliofaulu sana, na sehemu kubwa ya matokeo yake iliingia nao getini. Shule za kulipia nyingi zinafanya hivyo hivyo kimyakimya, kwa usaili wa kuingia na kwa kuwachuja wanaolegea.

Namna ya kulibaini hilo ni rahisi na haina gharama. Fungua tovuti ya Baraza la Mitihani, tafuta matokeo ya darasa la saba ya shule unayoitaka, hesabu watahiniwa. Kisha fungua matokeo ya darasa la nne ya shule hiyo hiyo miaka 3 nyuma. Kama darasa la nne walikuwa 60 na la saba wamefika 41, waulize wale 19 wako wapi. Wengine watakuwa wamehama kwa kukosa ada, lakini pengo likijirudia kila mwaka ujue kuna kuchujwa, na wastani mzuri unaouona ni wa waliobakizwa. Sekondari linganisha kidato cha nne na kidato cha pili cha miaka 2 nyuma. Shule inayoingiza watoto wa kawaida na kuwafikisha karibu wote mwisho, hata kama wastani wake si wa kutangazwa redioni, hiyo ndiyo inayofundisha. Ukienda kuitembelea, uliza pia walimu wangapi waliokuwepo miaka 2 iliyopita bado wapo. Walimu wakiwa wanaondoka kila muhula, ada yako inalipia majengo.

Kabla ya yote hayo, pima shule aliyopo sasa kwa daftari la mtoto. Chukua la hisabati, weka kalenda pembeni, hesabu tarehe zilizoandikwa mwezi uliopita kisha hesabu siku za shule za mwezi huo. Tarehe zikiwa nusu ya siku au pungufu, kuna mtu hayupo darasani, ama mwanao ama mwalimu, na lazima ujue ni yupi kabla hujatoa hela. Angalia na usahihishaji: alama ya vema juu ya jibu lisilo sahihi inakwambia mengi kuliko ripoti ya muhula. Halafu mpe kitabu cha darasa la pili asome ukurasa mmoja kwa sauti, na umuulize maswali mawili kuhusu alichosoma. Mtoto wa darasa la nne akikwama hapo, bweni halitamponya, kwa sababu huko wataendelea na masomo ya darasa lake, tena kwa Kiingereza. Huyo anahitaji mtu wa kukaa naye nusu saa kila jioni kwa miezi mitatu hivi, kaka yake wa sekondari anatosha, wakianza na silabi na hadithi fupi za Kiswahili.

Hilo la kiwango cha mtoto lina ushahidi. Kenya waligawa vitabu vya kiada shuleni, na utafiti wa Glewwe, Kremer na Moulin ukaonyesha walionufaika ni waliokuwa wakifanya vizuri tangu mwanzo. Wengine vitabu vya Kiingereza viliwapita. Hapa Tanzania, jaribio la KiuFunza katika shule 350 lilionyesha kuwa kuipa shule ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi, peke yake, hakukuinua alama. Ruzuku ilipoambatana na motisha kwa walimu kulingana na watoto wanavyofaulu, alama zikapanda. Hela inafanya kazi ikikutana na mtu anayefuatilia. Kwa mzazi ni vilevile: unaweza kulipa ada yote na usifungue daftari hata siku moja, na mtoto akabaki pale pale.

Sasa pesa, na hapa ndipo familia za kwetu zinapoangukia. Shule zinafunguliwa Januari. Januari mkulima wa tumbaku hana kitu: mbegu na mbolea ziko shambani kwa mkopo wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, majani yanaanza kuchumwa na kukaushwa kwenye bani, banda la kukaushia, na kila mkono wa nyumbani unahitajika. Malipo yanakuja baadaye masoko yakishafunguliwa, tena baada ya kukatwa deni. Ndiyo maana mtoto aliyechaguliwa kidato cha kwanza anaripoti wiki tatu au nne akiwa amechelewa, na wiki hizo ndizo za kozi ya awali ya Kiingereza. Serikali iliondoa ada kidato cha kwanza hadi cha nne tangu 2016, na cha tano na sita tangu 2022, lakini sare, viatu, godoro, madaftari na mchango wa chakula vimebaki kwako. Dawa ni kununua siku ya malipo. Malipo yakiingia, kabla hujafika kwenye bati la nyumba, nunua madaftari makubwa ya mwaka mzima, kitambaa cha sare na viatu vilivyozidi kidogo, na tenga magunia ya mahindi na maharage ya shule yasiyoguswa. Wenzetu wavuvi wa Ujiji na Kibirizi, kule Kigoma, mzunguko wao ni mfupi zaidi, kipato kinapungua kila mbalamwezi dagaa wasipovuliwa, kwa hiyo wao wanaweza kuweka kidogo kila giza linaporudi.

Na ukitaka kulipa ada, zidisha kwanza. Ada ya mwaka, nauli, matumizi, mara miaka iliyobaki hadi amalize, kisha linganisha na msimu wako mbaya kuliko yote katika mitano iliyopita, siyo mzuri. Mtoto aliyerudishwa kijijini darasa la sita kwa kukosa ada anapoteza zaidi ya ambaye hakuondoka. Na una wengine wawili.

Lugha nayo ni kikwazo kikubwa. Mtoto wa Ujiji anaanza shule akiwa na Kiswahili mdomoni. Wa Buhigwe au Kakonko anaanza na Kiha, wa kwako huenda anaanza na Kinyamwezi au Kisukuma, kisha msingi ni Kiswahili, kisha sekondari ni Kiingereza ghafla. Baada ya mtihani wa darasa la saba wa Septemba kuna miezi kama minne ya kukaa nyumbani, na wengi wanaipeleka yote shambani. Ipe saa moja kwa siku. Asianze na sarufi, aanze na maneno yanayofungua maswali ya mtihani kwa Kiingereza: taja, eleza, fafanua, linganisha, kokotoa. Aongeze maneno 10 kwa siku kutoka kitabu cha biolojia na jiografia cha kidato cha kwanza, kila neno na sentensi yake. Mwalimu yeyote wa sekondari atakuazima vitabu hivyo. Kwa mtaala mpya elimu ya msingi inashuka kuwa miaka 6, kwa hiyo anza hilo mapema zaidi kwa yule mdogo.

Kidato cha tatu anapochagua masomo, kaa naye na hesabu hii. Cha nne kinapimwa kwa masomo 7 bora: C inaanzia alama 45 na ina pointi 3, D inaanzia 30 na ina pointi 4. C tatu na D nne ni pointi 25, ambayo ni daraja la tatu, mwisho wake kabisa, na C tatu ndizo zinazofungua kidato cha tano. Lakini lazima ziwe za tahasusi moja, yaani kundi la masomo matatu yanayosomwa pamoja kidato cha tano. Historia, Jiografia na Kiswahili zinamtengenezea HGK. C za Kiswahili, Uraia na Biolojia hazimpeleki kidato cha tano. Shule ya kata isiyo na mwalimu wa fizikia, usimlazimishe sayansi kwa sababu ya heshima ya mtaani.

Kuhusu geto: kwa binti, chumba cha kupanga karibu na shule ndiyo chaguo la mwisho. Hosteli iwe ya kwanza, kwenda kwa baiskeli kuwe kwa pili kama njia ni salama, kukaa kwa ndugu kuwe kwa tatu, na kwa ndugu nenda bila taarifa ukaone kama anasoma au anapika na kulea.

Kwa kipato cha baadaye, kuna utafiti wa jirani zetu Kagera uliofuatilia watu wale wale toka 1991 hadi 2004. Waliohama, wakilinganishwa na ndugu zao wa kaya ile ile waliobaki, ukuaji wa matumizi yao ulizidi kwa pointi 36 za asilimia. Kwa hiyo cheti peke yake siyo safari nzima. Shangazi wa Mwanza au fundi wa Kigoma mjini atakayempokea kijana ni sehemu ya mtaji wa familia, mtunzeni. Na yule ambaye hatapata C tatu, chuo cha ufundi cha VETA kipo Tabora na Kigoma. Mpeleke mwaka ule ule, asikae nyumbani miaka miwili akisubiri.

La mwisho ni vyeti vya kuzaliwa. Vya wote watatu vichukue RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, sasa wakiwa wadogo, jina liandikwe sawasawa na lilivyo kwenye rejesta ya shule, herufi kwa herufi. Bodi ya mikopo ya elimu ya juu inahakiki, na kijana mwenye majina mawili tofauti anakwama dirisha la maombi likiwa wazi.